Waacheni Wachore Jiwe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu la juma hili ni Marko 16:1-8. Lisomeni pamoja na Yohana 20:1-10, na mkisoma mtaona jambo ambalo sisi watu wazima tumelizoea hata hatulioni tena: katika Injili zote nne hakuna inayosimulia Yesu alivyofufuka. Kufa kwake kumeelezwa saa kwa saa. Marko anataja saa ya tatu waliyomsulubisha, saa ya sita giza lilipoingia, saa ya tisa alipolia kwa sauti kuu. Kufufuka kwenyewe hakuna aliyekushuhudia. Wanawake wanafika na jiwe limekwisha kuvingirishwa. Petro anaingia kaburini na kukuta sanda imelala, na leso ya kichwani iko peke yake mbali kidogo. Tendo limepita, wao wanakuta dalili zake.

Nalileta hili kwa ajili ya watoto. Kila Kwaresima ikielekea ukingoni, sisi walimu wa shule ya Jumapili tunaulizana watoto watafanya nini safari hii, na jibu la haraka ni kukimbilia steshenari kutoa kopi. Picha ipo tayari na mistari imeshachorwa: Yesu mwenye nywele ndefu za kahawia amesimama juu ya wingu, au sungura amebeba kikapu cha mayai. Mtoto anapewa krayoni na kuambiwa asivuke mstari. Nusu saa baadaye karatasi zote zinafanana, wazazi wanapiga picha, kazi imekwisha. Ukimwuliza mtoto nyumbani amejifunza nini, atakwambia alipaka rangi ya bluu.

Sina ugomvi mkubwa na sungura. Ni mgeni aliyetokea kwa Wajerumani, na hakuwepo kaburini, basi. Yai lina ukoo wa kanisani kabisa. Zamani Wakristo wa Ulaya walikatazwa kula mayai Kwaresima nzima, lakini kuku hawakuwa na habari ya mfungo, wakaendelea kutaga. Pasaka ilipofika mayai yalikuwa yamejaa nyumbani, watu wakayapeleka kanisani yabarikiwe. Kitabu cha ibada cha Kanisa Katoliki cha mwaka 1614 kina sala maalumu ya kubariki mayai ya Pasaka. Waorthodoksi wa Ugiriki huyapaka rangi nyekundu siku ya Alhamisi Kuu, kwa kukumbuka damu ya Kristo, kisha siku ya Pasaka hugonganisha yai kwa yai na kusalimiana "Kristo amefufuka". Waukraine huchora mistari myembamba kwa nta ya nyuki kabla ya kuchovya yai katika rangi, na mwaka 2024 UNESCO iliuweka ufundi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kwa hiyo anayesema yai la Pasaka ni upagani mtupu, nadhani amelihukumu upesi mno.

Lakini yai au karatasi, swali langu ni lile lile: nani anachora?

Pale Murang'a, nchini Kenya, katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo, kuna picha kubwa ukutani zilizochorwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, na majeraha ya vita yalikuwa bado mabichi. Njau angeweza kunakili picha za Wazungu zilizokuwa zimejaa kwenye vitabu vya misheni. Badala yake alimchora Yesu aliyezaliwa, akabatizwa na kusulubiwa kati ya watu weusi, katika milima ambayo waumini wale waliiona kila asubuhi wakifungua mlango. Huyo Njau ndiye baadaye aliyeshiriki kuanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, Nairobi, na anajulikana kwa usemi wake kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Kila nikishika rundo la kopi namkumbuka.

Mwaka uliopita tuliacha kopi, tukagawa karatasi za manila. Rangi za dukani zilikuwa chache, kwa hiyo tulisaga mkaa, tukachekecha udongo mwekundu, tukachukua manjano ya jikoni, na kila kimoja tukakichanganya na gundi ya unga wa ngano. Brashi zilikuwa vijiti vilivyotafunwa ncha kama mswaki. Tuliwasomea Marko mara mbili, polepole, kisha tukanyamaza. (Kunyamaza ndiko kugumu. Mwalimu hupenda kueleza.)

Binti mmoja wa darasa la pili akachora jiwe. Akalipaka mkaa, akaongeza, akaongeza tena, mpaka likagusa kingo zote nne za karatasi. Chini kabisa pembeni akawabana wanawake watatu, wadogo kama kidole gumba, kila mmoja na khanga yake, mmoja amejitwika kikapu. "Hayo ni manukato," alinieleza. Mwalimu mwenzangu akataka ageuze karatasi aanze upya, maana kaburi halikuonekana, na Yesu hakuwepo. Nikamwomba amwache. Marko mwenyewe anasema jiwe lile lilikuwa kubwa mno, na njia nzima wale akina mama walikuwa na neno moja tu vinywani mwao: "Ni nani atakayetuvingirishia lile jiwe mlangoni pa kaburi?" Binti alikuwa amewafuata mpaka hapo walipofika wao, hofu na yote. Kwenye kopi ya steshenari jiwe lile ni dogo kama mpira, limesogezwa kando, halimtishi mtu.

Mvulana mmoja alichora kaburi la kwetu: tuta la udongo mwekundu, msalaba wa mbao, mashada ya maua juu yake. Sasa, kaburi la Yusufu wa Arimathaya lilichongwa mwambani, lina mlango, na hilo tuwafundishe bila kuruka. Hata wakifinyanga la udongo na kulitafutia jiwe la kuvingirisha, wataelewa upesi kuliko kwa maneno. Lakini tuta lile msimfutie. Nyumbani kwao walikuwa wamemzika babu yake muda si mrefu, na yeye alikuwepo, alitupa udongo kwa mkono wake. Aliposikia neno kaburi, hilo ndilo alilolijua.

Akaniuliza, "Mwalimu, na babu naye?"

Hapa walimu na wazazi tunateleza sana. Wengine humwambia mtoto babu amelala tu, naye anaanza kusubiri aamke, au anaogopa kulala yeye. Wengine humwambia anyamaze, hayo ni mambo ya wakubwa. Paulo anasema, "Lakini sasa Kristo amefufuka katika wafu, limbuko lao waliolala" (1 Wakorintho 15:20). Mtoto wa mkulima hahitaji ufafanuzi mrefu hapo. Anajua mahindi ya kwanza yanapoletwa kanisani shamba zima bado limesimama nje, na anajua kwamba nalo litavunwa. Nilimjibu kwamba babu amekufa kweli, ndiyo maana tulilia, na kwamba Yesu ametangulia kutoka, na walio wake atawaita. Siku gani, sijui, na wala sikumficha. Alisikiliza, akarudi kwenye karatasi yake, akaongeza jua upande wa kulia wa tuta, la manjano, tena kubwa kuliko msalaba.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kama hii siyo njia tu ya kuwapotezea watoto muda wakati ibada ya wakubwa inaendelea. Nilimfungulia Kutoka 31. Mtu ambaye Bwana anamwambia Musa waziwazi kwamba amemjaza roho ya Mungu hapo ni Bezaleli, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Mzee akacheka, akasema basi nunueni brashi. Bado tunazisubiri.

Jumamosi ya kesho tunakutana baada ya usafi wa kanisa. Picha tutazibandika usawa wa macho ya watoto; wakubwa watainama. Naombeni tusichague zile nzuri na kuacha nyingine.

Kwa mayai, walio na maganda makavu ya vitunguu maji wasiyatupe, tunahitaji mengi. Tutayachemsha kwanza mpaka maji yawe mekundu ya kuiva, tuweke siki kijiko kimoja au viwili, ndipo mayai yaingie. Hata haya ya kisasa yenye ganda la kahawia hushika rangi vizuri. Kila mtoto atabandika jani dogo la giligilani kwenye yai lake, tulifunge ndani ya kipande cha soksi nyembamba ya kike iliyochakaa, kisha lichemke. Likitoka na jani likibanduliwa, alama yake inabaki pale, hafifu kuliko rangi iliyoizunguka. Jikoni wasimame watu wazima, watoto wakae mbali na sufuria. Mayai yakipoa watagonganisha na kuyala na chumvi, maana wengine watakuwa wametoka nyumbani bila kunywa chai.