Mradi wa Skeleton Coast: njia imepatikana, sasa tunapigana na uzito

Haya, kwa mliokuwa mnaulizia ile safari ya Namibia imefia wapi, haijafa, na sasa hivi ina sura kabisa. Wazo la mwanzo mnalikumbuka, tukodi fowili (gari linaloendeshwa kwa tairi zote nne) Windhoek, tushuke mpaka Atlantiki halafu tufuate ufukwe kwenda kaskazini hadi pale mto Kunene unapomwaga maji baharini mpakani na Angola. Kwenye ramani ni mstari mmoja umenyooka, bahari kushoto mchanga kulia, unaanza hata kupanga picha. Huo mstari ndo tumeufuta, na wala sio mchanga uliotushinda.

Ni vibali. Hifadhi ya Taifa ya Skeleton Coast ilitangazwa 1971, inaanzia mto Ugab mpaka huko Kunene, lakini mtu mwenye gari lake anaruhusiwa kipande cha kusini tu na mwisho wake ni Terrace Bay. Kaskazini ya mto Hoanib wageni wanaingia na kampuni zenye mkataba, wengi kwa ndege ndogo, hakuna cha kubembeleza getini. Na hicho kipande cha kusini nacho kina masharti yake. Geti la kusini ni Ugabmund, la mashariki ni Springbokwasser, kama unapita tu unachukua kibali palepale getini ila uwe umeshaingia kabla ya saa 9 alasiri, unatokea geti la pili siku hiyohiyo, na huruhusiwi kuchepuka kwenda Terrace Bay. Ukitaka kulala lazima uwe umebuku Terrace Bay kupitia Namibia Wildlife Resorts, maana kambi ya Torra Bay inafunguliwa Desemba na Januari tu, msimu wa wavuvi wa likizo. Pikipiki ndo haziingii kabisa, kwa hiyo mshikaji wetu aliyekuwa anapiga mahesabu ya kuja na ya kwake imebidi atafutiwe siti.

Mimi kwanza nilinuna, halafu nikaanza kuipenda. Kwa sababu ukishaweka mageti, vituo vya mafuta na majira ya maji kujaa na kupwa kwenye ramani moja, safari inajipanga yenyewe, huna haja ya kubishana na mtu usiku kucha kwenye grupu. Njia sasa ni hii: Windhoek, Swakopmund, Henties Bay, Cape Cross kuona sili, wale wanyama wa baharini (na kuwanusa, wanasema harufu inakutangulia kukupokea), Ugabmund, tunalala Terrace Bay, tunatokea Springbokwasser kwenda Palmwag, Sesfontein, tunaingia Puros, tunarudi Sesfontein na kumalizia Opuwo.

Kinachochekesha ni kwamba huko pwani kwenyewe, ambako jina tu linatisha, hakuna ubabe wowote wa kuendesha. Barabara ya C34 ukishapita Henties Bay ni ya chumvi iliyoshindiliwa, ikiwa kavu hata gari dogo linapita, shida ni ukungu. Mkondo wa Benguela ni wa baridi, hewa ikipita juu yake inageuka ukungu na kulala juu ya nchi kavu asubuhi, barabara inalowa na inateleza kama sabuni. Na kutoka nje ya barabara ni marufuku, sio tu kwa sababu ya faini, zile tambarare za changarawe zina kuvu-mwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja, wanaoota taratibu sana na alama ya tairi inakaa pale miongo na miongo. Kwa hiyo jangwa la kuendesha hasa liko ndani, Sesfontein kwenda Puros na kwenye mchanga wa mto Hoanib, ambao ni mto wa jina tu kwa sehemu kubwa ya mwaka mpaka mvua za bara zinyeshe. Huko kuna tembo na simba waliozoea ukame, na hao simba wameshaonekana wakishuka hadi baharini kuwinda sili, kwa hiyo habari ya kuamka usiku wa manane kwenda kujisaidia kichakani tumeshaiwekea sheria.

Magari ni mawili, mjadala umefungwa

Kuna waliosema gari moja linatosha, tutabana gharama. Nikawapa habari ya Dunedin Star. Meli hiyo ilipanda mwamba pwani hiyohiyo Novemba 1942 ikiwa na abiria, ikaja boti ya kuvuta iitwayo Sir Charles Elliott kusaidia, nayo ikaishia ufukweni na mabaharia wawili wakafa, ikaja ndege aina ya Ventura kudondosha maji na chakula, ikatua, ikazama mchangani ikashindwa kuruka. Yaani mwokoaji anahitaji mwokoaji. Baada ya hapo hakuna aliyerudia hoja ya gari moja, sana sana waliuliza nani anaendesha lipi.

Tunachukua Hilux mbili za dabo kebini zenye mahema juu. Kwenye mikataba niliyosoma kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hujasaini, bima nyingi hazigusi uharibifu wa chini ya gari wala wa maji ya chumvi, na wengi wanakuwekea kifaa kinachorekodi spidi na kukubana kwenye kilomita 80 kwa saa barabara za vumbi. Binafsi sina ugomvi na 80. Changarawe ya kule ina mawimbimawimbi, ukizidisha gari linaelea tu juu yake, na ukipiga kona ndo unajua kwamba usukani ulikuwa pambo.

Kwa sababu ya hayo ya maji ya chumvi, Sandwich Harbour hatuendi na Hilux. Iko kusini ya Walvis Bay, milima ya mchanga inashuka moja kwa moja hadi kwenye mawimbi na njia ni kale kaukanda ka ufukwe kanakobaki maji yakipwa. Maji yanapwa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukikosea saa unabaki katikati huna pa kwenda. Tunataka siku ya bamvua ambapo yakipwa yanapwa haswa, lakini bamvua hiyohiyo ikirudi inarudi yote, ndo maana hiyo siku tunamlipa dereva wa pale mwenye leseni na sisi tunakaa nyuma kama abiria. Ubahili una mipaka.

Mazoezi ya upepo

Jumamosi tulikuwa gereji kwa fundi wetu, tumeazima gari la uzito unaokaribiana, kuna kichuguu cha mchanga wa ujenzi nyuma. Tairi zilikuwa na upepo wa PSI 32. Nikachora chaki chini mbele na nyuma ya tairi inapogusa sakafu, nikafungua valvu, fundi ananiangalia tu, "bosi, hapo unapunguza upepo au unamlaani mwenye gari?" Tukashuka 25, chaki ya pili haijasogea sana. Tukashuka 18 na hapo ubavu ukavimba vizuri, na alama ikarefuka kuliko nilivyotegemea. Wengi tunadhani tairi ikipungua upepo inapanuka, kumbe sehemu kubwa inarefuka, ndo maana inatembea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Kwenye 32 gari lilichimba na kukaa. Kwenye 18, gia nzito, mguu umetulia, likapanda kichuguu bila hata kelele. Tofauti yote ni upepo, hatukugusa kitu kingine.

Ila 18 ina adabu zake. Hukati kona kwa nguvu maana tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu, hukimbii maana inapata joto, na ukirudi kwenye changarawe lazima ujaze. Kompresa tunafunga moja kwa moja kwenye betri, ile ya kuchomeka kwenye soketi ya kuwashia sigara inakata fyuzi ukiwa tairi ya pili. Na mchanga wenyewe tutaukabili asubuhi ukiwa bado una ubaridi, jua likipanda unalegea.

Uzito

Hapa ndo tumekwama kwa sasa, kila mtu ana kitu chake ambacho "hakina uzito". Maji tunahesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika, kwa watu wanne siku nne ni lita 80, tukiongeza 20 za akiba ni kilo 100 kabla hujaweka hata kijiko. Mafuta, tenki la Hilux ni lita 80, mchangani nimelikadiria linakula lita 20 kwa kilomita 100, kwa hiyo ni kilomita 400 hivi, na Palmwag mpaka Opuwo ukiweka kwenda na kurudi Puros inapita hapo. Sesfontein kuna pampu lakini mimi siwezi kuweka maisha yangu kwenye pampu moja, kila gari litabeba madumu mawili ya lita 20. Spea tairi mbili kila gari, mawe ya huko yanachana ubavu na ubavu hauzibwi. Vyote vizito vinakaa chini na mbele ya ekseli ya nyuma, juu ni hema tu. Jenereta imeondolewa. Meza ya kukunja imebaki kwa kura ya mshikaji mwenye pikipiki, nadhani ni kisasi.

Makoti yamebaki pia, na msicheke, ufukwe ule ni baridi na upepo hata kama kilomita 60 ndani watu wanaungua. Nyama tutanunua kwa akili, kuna uzio wa kudhibiti magonjwa ya mifugo, ukitoka kaskazini kuja kusini na nyama mbichi wanaichukua, kwa hiyo ya Opuwo inaliwa hukohuko Opuwo.

Kilichobaki: Terrace Bay hawajajibu kuhusu tarehe, na tarehe hiyo ndo inashikilia ile ya bamvua ya Sandwich Harbour. Kama kuna aliyepita Sesfontein kwenda Puros baada ya mvua za mwaka huu, nahitaji kujua lile vumbi laini la Hoanib likoje, limekauka au bado juu gumu chini tope, maana hilo la pili litanibadilishia mpango wote wa siku za ndani.