Zimwi Linalozama Likisikia Kelele

Kila Jumamosi jioni tunakuwa watano nyumbani kwangu Ntinda, hapa Kampala, tukicheza mchezo wa kuigiza wahusika mezani. Mmoja ametoka Mbale, mwingine Arua, wawili wamekulia Masaka, na Kiswahili ndicho kinachotukusanya sote. Mimi ndiye mwendesha mchezo: nasimulia ulimwengu, naamua mambo ya sheria, na kazi ninayoipenda kupita zote ni kutunga mazimwi.

Zimwi la kwanza nililolitunga mwenyewe lilikuwa joka la majini, mfano wa Lukwata, yule nyoka mkubwa anayesimuliwa kando ya ziwa Nalubaale, yaani Victoria. Nililipa kila nilichodhani zimwi linahitaji: magamba, meno, kinga ya 15, yaani namba ambayo pigo lazima liifikie ili lilipate, na pointi 80 za uhai. Lilikufa katika raundi ya tatu, kabla halijamtia mtu hofu. Usiku ule nilikaa na kalamu nikaona kosa lilipokuwa. Mchezaji anayejiongezea 5 juu ya namba ya dadu anahitaji kupata 10 au zaidi kwenye dadu ya pande 20 ili aifikie kinga ya 15, yaani nyuso 11 kati ya 20, ambazo ni asilimia 55. Pigo la kila mmoja, likilenga, lilikuwa na wastani wa pointi 12, kwa hiyo wachezaji wanne wakipiga mara moja moja huondoa takriban pointi 26 kwa raundi, na 80 zikaisha mara tatu tu walipozunguka meza. Muda huo wote joka langu lilikuwa limepata zamu tatu, nao zamu kumi na mbili.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza pointi za uhai. Nilijaribu, na nilichopata ni pigano refu zaidi la aina ileile, watu wakirusha dadu bila kuinua macho. Toleo la tano la mchezo wa Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014, lina njia bora: mazimwi yake makubwa huruhusiwa kutenda mwishoni mwa zamu za wachezaji, aghalabu mara tatu kwa raundi, na hivyo moja huweza kusimama mbele ya wanne. Natumia njia hiyo mpaka leo. Hata hivyo inatibu upungufu wa zamu tu, wala haimpi mchezaji sababu ya kulikumbuka zimwi wiki inayofuata.

Sababu hiyo nilianza kuiona kwa mla kutu, mmoja wa viumbe wa zamani wa mchezo huo uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Umbo lake Gygax alilitoa kwenye kidude cha plastiki cha kuchezea cha bei rahisi, kwa hiyo si umbo lililomfanya aogopwe. Anaogopwa kwa sababu akigusa chuma, chuma huoza. Shujaa aliyejifunika deraya kuanzia kichwani hadi miguuni, ambaye kwa kawaida ndiye hutangulia, ghafla ndiye anayerudi nyuma, na mwenye rungu la mti anasukumwa mbele. Kanuni moja imegeuza mpangilio wa kundi zima bila kuongeza hata pointi moja.

Tangu hapo naanza kutunga zimwi kwa kuwatazama majirani zake. Nauliza wanakijiji wanaoishi karibu nalo wanafanya nini ili waione kesho: hawachoti maji saa fulani, hawataji jina fulani, wanawafungia mbuzi upande fulani wa nyumba? Desturi hizo ndizo kanuni za zimwi, na pointi nazijaza mwisho kabisa. Katika jambo hili sisi tuna hazina, kwa sababu masimulizi yetu yamejaa masharti. Bemba, mfalme nyoka wa masimulizi ya Buganda, hakushindwa kwa nguvu. Kobe alimshawishi akubali kukatwa kichwa, kwa kumwaminisha kwamba kobe hukatana vichwa usiku na asubuhi wanaamka wazima.

Lililonishika zaidi ni simulizi la Walumbe, yaani Kifo, aliyejificha ardhini kule Ttanda, Buganda, na Kayikuzi ndugu yake aliyetumwa kumkamata. Kayikuzi aliagiza watu wote wabaki ndani, na yeyote atakayemwona Walumbe asipige kelele. Watoto waliotoka na mbuzi wakamwona, wakapiga ukelele, naye akazama tena. Walumbe mwenyewe sikumleta mezani, wala sitamleta. Mashimo ya Ttanda yapo na watu huenda kuomba pale, na kitu ambacho jirani yangu anakiheshimu sikifanyi shabaha ya dadu. Nilichoazima ni sharti lile la ukimya.

Nikatunga zimwi la mashimoni lenye pointi 100 za uhai na sheria hii: likiwa juu ya ardhi, mchezaji yeyote akitoa sauti kupita mnong'ono, yeye mwenyewe na si mhusika wake tu, zimwi linazama papo hapo na kujirudishia pointi 20. Mipango yote ikawa ya mikono na macho. Dadu zilitupwa juu ya kitambaa. Kwa karibu nusu saa nilisikia jokofu la jikoni likinguruma, jambo ambalo halijawahi kutokea Jumamosi yoyote.

Zimwi lilikuwa limebakiwa na pointi 19, kifua na mikono yote miwili vikiwa nje ya shimo, ilipofika zamu ya mdogo wetu kuliko wote. Akatupa dadu. Ikazunguka, ikagonga kikombe cha chai, ikatulia kwenye 20. Akaruka kutoka kwenye kiti akipiga kelele za furaha, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Wote wakanigeukia. Nikaamua kwamba pigo limetangulia kelele, nikamwashiria atupe dadu za madhara. Zikatoka 16. Likabaki na pointi 3, likazama, na huko chini likarudi kuwa na 23. Wakaanza kunong'onezana juu ya shimo la pili.