Vifaa sita juu ya paa: mwezi wa pili wa mradi wa matenki

Alhamisi jioni nilishuka ngazi ya chuma kutoka paa la ghorofa sita huko Umoja, mtaa wa Nairobi, mvua ikinipiga mgongoni, kadi ya SD nimeifunga kwenye nailoni na kuibana kwa meno kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika vyuma. Kifaa nambari 4 kilikuwa hai, taa ya kijani ikiwaka vizuri, lakini hakuna aliyeweza kukifikia. Nilikuwa nimekifungia nje mimi mwenyewe kwa amri moja niliyoiandika nikiwa mezani. Tangu siku hiyo mradi umebadilika, na karibu yote ninayoandika hapa yametokana na safari ile ya paani.

Kwa anayesoma leo kwa mara ya kwanza: ni kompyuta ndogo sita aina ya Raspberry Pi Zero 2 W, kila moja ndani ya boksi la plastiki kando ya tenki. Sensa (kihisi) ya mawimbi ya sauti hupima maji yapo chini kiasi gani kutoka kwenye mfuniko, na kila baada ya dakika 10 namba inatumwa kwa seva yangu. Maji ya mfereji mtaani kwetu huja kwa zamu, mara nyingi usiku wa manane, na keateka (mtunza jengo) asipowasha pampu saa hiyo, asubuhi watu wananunua mitungi. Kwa hiyo maji yakianza kushuka vibaya, keateka anapata ujumbe kwenye simu. Sensa zilinila wikendi moja. Miezi hii miwili yote imeishia kwenye mtandao.

Kila kifaa kina njia mbili za kutokea. Ya kwanza ni Wi-Fi ya jengo, ambayo mwenye nyumba au mpangaji mmoja ameniruhusu kuitumia. Ya pili ni modemu ya USB yenye laini, ya akiba, fiba ikikatika.

Wiki ya 1 hadi ya 3: nani ameshika usukani

Nilianza na nakala ya zamani ya Raspberry Pi OS (mfumo wa Linux wa kompyuta hizi) niliyokuwa nayo kwenye diski, pamoja na daftari langu la miaka ile. Wakati huo anwani ya kudumu uliiandika kwenye `/etc/dhcpcd.conf`, na nywila ya Wi-Fi ukaiweka kwenye `wpa_supplicant.conf`. Toleo la Bookworm lilipotoka Oktoba 2023, kazi hiyo ilihamia kwa NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, na hata ile faili ya `wpa_supplicant.conf` tuliyozoea kuiacha kwenye sehemu ya kuwashia haisomwi tena. Mimi niliwasha NetworkManager juu ya mfumo wa zamani bila kumstaafisha dhcpcd, msimamizi wa zamani. Nilipoandika `ip addr`, wlan0 (Wi-Fi ya kifaa) ilikuwa na anwani mbili: 192.168.1.50 niliyoichagua mimi, na 192.168.1.117 iliyotoka kwa ruta. Siku moja kifaa kinajibu kwenye hii, siku nyingine kwenye ile. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa mrama ulikuwa unaonekana kwa macho kwenye skrini.

Nilifuta kadi zote sita na kuanza upya na mfumo mpya, NetworkManager peke yake. Sijajutia. Ningeweza pia kwenda na systemd-networkd, ambayo ni nyepesi, lakini nilitaka programu inayojua kubadilisha njia yenyewe bila mimi kuandika hati za kuichunga.

Hapo nilipoteza jioni nzima kwa jambo dogo. Faili za mipangilio hukaa `/etc/NetworkManager/system-connections/` na huishia na `.nmconnection`. Nilizinakili kutoka kwenye laptopu kwa scp (amri ya kunakili faili kupitia mtandao), na zikafika na ruhusa 644, yaani kila mtumiaji anaweza kuzisoma. NetworkManager haikuzisoma kabisa. Faili hizo hubeba nywila, kwa hiyo lazima ziwe za root (msimamizi mkuu wa mfumo) na ruhusa 600, yaani zimfungukie yeye peke yake, la sivyo zinapuuzwa, na usipofungua `journalctl` (kumbukumbu za matukio ya mfumo) hutajua. Ukikwama hapo, angalia ruhusa kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Wiki ya 4: bando linakwenda wapi?

Sasa nirudi kwenye kifaa nambari 4 na ile mvua.

Mwenye nyumba alikuwa amebadilisha ruta. Nikaingia kwa SSH (njia ya kuendesha kifaa kutoka mbali), nikaandika lango jipya la mtandao, yaani anwani ya ruta, nikakosea tarakimu moja, nikabonyeza Enter. Skrini ikaganda. Sikuogopa mara moja, maana kuna modemu. Nikasubiri dakika kumi, kisha nusu saa. Modemu nayo ilikuwa kimya. Keateka akanipigia: "Fundi, ile taa ya kijani inawaka, lakini simu yangu haijapata kitu tangu mchana. Nizime niwashe?" Akazima, akawasha. Hakuna kilichobadilika, kwa kuwa kosa langu lilikuwa limeshahifadhiwa kwenye kadi. Ndipo nikachukua matatu.

Nyumbani, kadi ikiwa mezani, nilikuta kwamba laini ya modemu haikuwa na bando hata kidogo. GB 1 niliyotarajia ikae mwezi mzima ilikuwa imeisha kwa siku nne, wakati Wi-Fi ya jengo ilikuwa inafanya kazi siku zote hizo. Nilichukua kifaa kingine chenye mipangilio ileile nikauliza njia zake:

```
default via 192.168.8.1 dev eth0 proto dhcp metric 100
default via 192.168.1.1 dev wlan0 proto dhcp metric 600
```

Mistari hiyo miwili ndiyo jibu lote. Modemu za aina hii hazijitambulishi kama modemu. Ndani yake kuna ruta ndogo, na kwa Linux zinaonekana kama kebo ya ethaneti. NetworkManager huipa ethaneti uzito (ile `metric` hapo juu) wa 100, Wi-Fi 600, na modemu halisi za simu 700. Njia yenye uzito mdogo ndiyo inayopitiwa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza "akiba" yangu ilikuwa ndiyo njia kuu: sasisho za mfumo, kumbukumbu, kila kitu kilikuwa kinapita kwenye laini ninayoilipia, huku Wi-Fi imekaa tu. Na siku nilipoivunja Wi-Fi, akiba ilikuwa imeshaliwa.

Dawa ni amri moja kwa kila kifaa:

`nmcli connection modify modemu ipv4.route-metric 800`

Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Hapa kwetu mara nyingi Wi-Fi huwa ipo na intaneti haipo: ruta inawaka, fiba imekatwa na wachimbaji mtaro au haijalipiwa. Kwa Linux, wlan0 bado ina anwani na lango, basi itaendelea kupeleka data kwenye ukuta. NetworkManager inaweza kujipima, kwa kuomba ukurasa mdogo kwenye seva na kuangalia kama jibu ni lile linalotarajiwa. Kwenye Debian, ambayo Raspberry Pi OS imejengwa juu yake, kipimo hiki hakijawashwa mpaka ukiombe. Nimeweka ukurasa huo kwenye seva yangu mwenyewe na kuandika sehemu ya `[connectivity]` kwenye faili moja ndani ya folda ya mipangilio ya `conf.d`, ipime kila sekunde 120. Njia ikishindwa kipimo, inaongezewa uzito wa 20000.

Sikutaka kuamini maandishi tu. Jumamosi nilikwenda kwenye jengo la kifaa nambari 2, nikaomba ruhusa, nikachomoa kebo ya fiba na kukaa kwenye ngazi na laptopu magotini. Dakika mbili na kitu, nikauliza tena njia: wlan0 ilikuwa imepanda hadi 20600, na modemu yenye 800 ikawa mbele. Nikarudisha kebo. Baada ya muda wlan0 ikashuka hadi 600. Nilirudia mara tatu kwa furaha tu.

Wiki ya 5 na 6: kujaribu bila kujifungia nje

Kosa la tarakimu litatokea tena. Nimelikubali. Ninachokataa ni kosa hilo kunipandisha paani. Watu wa mitandao mikubwa walishalitatua siku nyingi: mipangilio mipya huwekwa kwa majaribio, na usipothibitisha ndani ya muda fulani, ya zamani inarudi yenyewe. Hata `netplan try` kwenye Ubuntu hufanya hivyo, inakupa sekunde 120. Mimi natumia NetworkManager moja kwa moja, nikatafuta njia yangu, na nilipoipata ikawa fupi kuliko nilivyodhani:

```
systemd-run --on-active=5min --unit=rudi systemctl reboot
nmcli connection modify --temporary jengo ipv4.gateway 192.168.1.254
nmcli connection up jengo
```

Mstari wa kwanza unategesha saa: baada ya dakika tano kifaa kitajiwasha upya. Neno `--temporary` kwenye wa pili linafanya badiliko liandikwe ndani ya `/run`, ambayo ni kumbukumbu ya muda, wala si kwenye kadi. Nikikosea, dakika tano zinapita, kifaa kinajiwasha, `/run` inafutika, na mipangilio ya jana inarudi kama ilivyokuwa. Nikifanikiwa kuingia tena, nazima saa kwa `systemctl stop rudi.timer` na kurudia badiliko bila lile neno. Hata saa ikifeli, keateka akizima na kuwasha swichi inatosha. Siku ile angeniokoa kwa simu.

Nimeijaribu kwa kuweka lango la uongo kwa makusudi kwenye kifaa nambari 1, modemu ikiwa imechomolewa. Dakika ya sita kilikuwa kimerudi. Sasa sigusi mtandao wa kifaa chochote bila mistari hiyo mitatu, hata kama badiliko ni la herufi moja.

Wiki ya 7: saa iliyorudi nyuma

Stima hupotea mara kwa mara, na kadi za SD hazipendi kukatwa katikati ya kuandika. Nikafanya mfumo wote uwe wa kusoma tu, maandishi mapya yakae kwenye RAM (kumbukumbu ya muda), isipokuwa sehemu ndogo ya MB 64 inayobeba faili za mtandao. Nilijiona nimemaliza. Wiki hiyo stima ikapotea karibu siku nzima, na iliporudi vifaa vitatu havikurudi.

Laini za simu hazitoi anwani unayoweza kuipigia hodi kutoka nje, kwa hiyo kila kifaa hufungua chenyewe handaki la WireGuard (njia ya faragha ndani ya intaneti) hadi kwenye seva na kulishikilia kwa `PersistentKeepalive = 25`, yaani ishara kila sekunde 25. Sehemu hii naipenda sana, kwani njia ikibadilika kutoka Wi-Fi kwenda modemu, handaki linahama nayo na seva inafuata. Ila siku hiyo lilikuwa limekufa upande wa vitatu. Nikawasha upya WireGuard kwenye seva, kwa kukata tamaa tu, na vyote vitatu vikaingia papo hapo.

Hapo nikajua kuna kitu seva ilikuwa inakikumbuka. WireGuard huweka muhuri wa saa kwenye salamu ya kwanza, na seva hukataa salamu yenye muhuri wa nyuma kuliko wa mwisho iliyoupokea, ili mtu asirudie salamu iliyonaswa. Pi Zero haina saa yenye betri. Kawaida mfumo huhifadhi saa ya mwisho kwenye kadi ili usirudi nyuma mno, lakini mimi nilikuwa nimeifanya kadi isiandikwe. Kifaa kiliamka kikidhani ni siku kadhaa zilizopita. Kingeweza kuuliza saa kwa NTP (huduma ya saa ya intaneti), lakini nilikuwa nimeandika `AllowedIPs = 0.0.0.0/0`, maana yake hata swali la saa lilipita kwenye handaki, na handaki lilikuwa linasubiri saa.

Sasa ni `AllowedIPs = 10.77.0.0/24`. Ni mazungumzo na seva yangu tu yanayopita handakini. Saa na majina ya intaneti hupita nje. Kwa kifaa nambari 4, ambacho kukifikia ni kazi, nilinunua pia saa ya DS3231 yenye betri pale Luthuli Avenue nikaiunganisha kwa nyaya nne.

Hali ilivyo leo

Jana stima ilipotea saa mbili na dakika arobaini usiku na ikarudi saa nne kasoro. Nilikuwa mezani na sahani ya ugali, nikitazama orodha. Vifaa vitano vilirudi ndani ya dakika tatu. Nambari 5 kilichukua dakika kumi na moja. Kumbukumbu zake zinaonyesha ruta ya jengo lile ilitangaza Wi-Fi kabla haijawa tayari kugawa anwani, kifaa kikajaribu mara nne na kushindwa, na NetworkManager ikikosa mara nne hupumzika dakika tano kabla ya kujaribu tena. Modemu yake ilikuwa kwangu nikiifanyia majaribio. Nimeweka `connection.autoconnect-retries` kuwa 0, yaani ijaribu bila kuchoka, kwa mistari ile mitatu kama kawaida. Kama ndiyo dawa, nitajua stima itakapopotea tena.