Ngege au kuku? Ulizeni kwa barua pepe

Mimi ndiye katibu wa ofisi yetu hapa Milimani, Kisumu, na kabla ya kila mkutano wa wafanyakazi swali linaloniandama si la ajenda. Ni la chakula: nani anakula ngege, yaani samaki aina ya tilapia, na nani kuku. Ukilitupa kwenye kikundi cha WhatsApp umekwisha: mmoja ataweka dole gumba, mwingine ataandika "mimi nafuata wengi", wa tatu atauliza kama nauli itarudishwa, na kufikia jioni watu wanabishana kuhusu Gor Mahia.

Kwa hiyo natumia vitufe vya kura vya Outlook, programu yetu ya barua pepe. Naandika ujumbe kwenye kompyuta, naingia "Options", nachagua "Use Voting Buttons", kisha "Custom", na kuandika: Ngege, Kuku wa kienyeji, Mboga. Zitenganishe kwa nukta mkato (;). Swali lenyewe naliweka kwenye kichwa cha ujumbe, maana kuna watu hapa hawajawahi kufika aya ya pili ya barua yoyote. Mtu anafungua, anapiga kura yake, basi. Mimi nikirudi kwenye ujumbe niliotuma na kubonyeza "Tracking", nakuta kila jina, chaguo lake, na jumla. Mama anayetupikia kule Dunga nampigia simu nikiwa na hesabu kamili, na siku yenyewe hakuna wa kuniambia eti yeye aliagiza ngege.

Vitufe hivi vinategemea akaunti za kazini, za Exchange au Microsoft 365. Dereva wetu wa kibarua anatumia Gmail, na kila mara hunipigia: "Nyaminwa (dada yetu), mimi sioni mahali pa kubonyeza." Namuuliza anakula nini, naandika kwa kalamu.

Lakini majina hayo hayo yanayonisaidia kwenye ngege yanaharibu kura nyingine. Hivi karibuni bosi alitaka niulize kwa vitufe kama watu wako tayari kufanya kazi Jumamosi. Nikamwambia, "Bosi, hapo kila jina litaonekana." Akasema ndivyo anavyotaka. Basi nikamweleza: utapata Ndiyo tupu, kisha Jumamosi ikifika nusu ya ofisi iko mazishini Siaya na nusu nyingine Vihiga. Nani huku Magharibi asiyejua Jumamosi ni siku ya kuzika? Mtu hawezi kubonyeza Hapana mbele ya anayemwandikia ripoti ya kazi.

Swali la namna hiyo ni la Microsoft Forms, fomu za maswali za mtandaoni, na kwenye mipangilio unaondoa alama ya "Record name" ili fomu isichukue jina la mtu. Alikubali shingo upande. Hapana zikashinda kwa mbali, na bosi akaja mezani kwangu, sauti chini, kuniuliza kama kweli hakuna namna ya kujua ni akina nani. Nikamwambia hata mimi sioni.