Programu Mbili Zinapotaka Kupeana Data

Programu mbili zinazoendeshwa katika kompyuta moja haziwezi kusomeana kumbukumbu zitakavyo, kwa sababu mfumo endeshi huipa kila programu eneo lake na kuizuia isiingie katika eneo la nyingine. Kizuizi hicho ni cha lazima, lakini ndicho kinachotufanya tutafute njia za kupitishia data. Njia ninayoipenda zaidi ni bomba la mfumo endeshi wa Unix, ambalo Douglas McIlroy alilipendekeza na Ken Thompson akalitekeleza mwaka 1973: kinachotolewa na programu moja huingia moja kwa moja katika nyingine, bila yoyote kati ya hizo kuhitaji kuijua mwenzake.

Kumbukumbu ya pamoja, yaani eneo moja ambalo mfumo endeshi huziruhusu programu zote mbili kulitumia, ina kasi zaidi, kwa kuwa data hainakiliwi; ila (na hapa ndipo wengi hukesha) programu mbili zikiandika mahali pamoja kwa wakati mmoja bila kufuli (utaratibu wa kuifanya moja isubiri nyingine imalize), data huharibika, tena kwa namna isiyojirudia unapoichunguza.

Kati ya kompyuta na kompyuta hutumika soketi, yaani ncha za mawasiliano ambazo programu hutumia na kupokea data kupitia mtandao, zilizoenea kupitia 4.2BSD, toleo la Unix la mwaka 1983. Hapo huzuka suala la mpangilio wa baiti, yaani baiti ipi ya namba hutangulia, kwa kuwa kompyuta hazifanani katika hilo: namba 1 iliyohifadhiwa kwa baiti 4, ikisomwa kwa mpangilio wa kinyume, huwa 16,777,216. Ndiyo maana itifaki (kanuni za mawasiliano) za intaneti hutanguliza baiti yenye uzito mkubwa, na ndiyo maana mimi, pale kasi isipokuwa jambo la kwanza, huchagua kutuma maandishi ya JSON (muundo wa kuandika data kwa majina na thamani zake), ambayo hata binadamu huweza kuyasoma anapotafuta hitilafu.