Tangi la mafuta lililofukiwa uani, New Jersey, Marekani: jinsi lilivyotolewa

Tatizo: nyumba imeacha kupashwa joto kwa mafuta na kuhamia gesi, lakini tangi la chuma la galoni 550 (takriban lita 2,080) bado limo ardhini, na mnunuzi wa nyumba hataki hata kulisikia.

Kilichosaidia ni kudai bei mbili kwenye mkataba: ya kutoa tangi, na ya kila tani ya udongo uliolowa mafuta. Bei moja ya jumla ni mtego. Shimo likishachimbwa, huna tena pa kubishania. Dai pia cheti cha bima kinachotaja uchafuzi wa mazingira, maana bima ya kawaida ya mkandarasi mara nyingi haiugusi.

Kibali hutoka ofisi ya ujenzi ya mji. Kabla ya kuchimba, mkandarasi hupiga simu namba 811 ili mabomba ya gesi na nyaya ziwekewe alama. Mafuta yaliyobaki hunyonywa, tangi hukatwa, tope jeusi la chini hukombwa, kisha ndani hupanguswa mpaka pakauke. Likiinuliwa, kagua tumbo lake: maji hutuama hapo na kutu hula kutoka ndani, na tundu dogo kama punje ya mchele linatosha kuharibu udongo. Mkaguzi wa mji alione kabla shimo halijafukiwa. Kama limevuja, idara ya mazingira ya jimbo lazima ijulishwe.

Bomba la kujazia ling'olewe kabisa, lisizibwe kwa kifuniko tu. Dereva wa mafuta akikosea anwani, atamimina humo humo.

Risiti ya tangi kupokelewa kama chuma chakavu itunzwe pamoja na kibali. Mwanasheria wa mnunuzi ataviulizia.