Mlima wa Isongole, togwa ya mama na viazi vya kwenye salfeti

Shule zilifungwa Machi 17, 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Nilikuwa nafundisha darasa la nne katika shule moja ya binafsi hapa Mbeya. Mshahara wa Machi ulitoka nusu, wa Aprili haukutoka kabisa. Sisi Watanzania hatukufungiwa ndani kama majirani zetu wa Uganda na Rwanda. Masoko yalikuwa wazi, makanisa na misikiti pia, na magari ya abiria yalitembea. Karantini yangu nilijiwekea mwenyewe, nayo ilikuwa moja tu: sitapanda Hiace kwenda kwa mama.

Mama anaishi Isongole, kwenye barabara ya Tukuyu. Mwaka ule alikuwa na miaka 72 na pumu ya tangu ujana wake. Anayeijua njia hiyo anajua abiria wanavyobanana na madirisha kufungwa kwa sababu ya baridi, mmoja akikohoa gari zima limekohoa. Nilijiuliza, hivi nikimpelekea mama ugonjwa kwa mguu wangu mwenyewe, nitaishi vipi? Mimi niko Uyole, mama yuko juu, na katikati yetu kuna mlima.

Baiskeli ilikuwepo stoo. Ni ya mume wangu, ambaye miezi ile alikuwa Chunya kwenye machimbo. Baiskeli ya mtumba, ya gia, tatu mbele na sita nyuma, tairi zimelala kwa vumbi. Mara ya mwisho mimi kuendesha baiskeli nilikuwa sekondari, na ilikuwa kwenye tambarare.

Siku ya kwanza, wiki ya pili ya Aprili, nilifika Igawilo nikiwa nimefurahi kabisa. Baada ya Igawilo mlima ukaanza kudai. Nikabadilisha gia katikati ya mwinuko huku nakanyaga kwa nguvu zote, cheni ikachomoka. Nikairudisha, mikono yote grisi. Mita chache mbele ikachomoka tena. Nikaisukuma baiskeli mpaka pumzi ikaisha, nikakaa kando ya barabara, nikalia. Malori ya ndizi yalikuwa yanashuka kutoka Tukuyu, na kila lililopita nililiona limetoka alikokuwa mama. Nikageuza.

Aliyeniokoa ni fundi baiskeli wa Uyole, kijana mdogo tu, umri wa wanafunzi wangu wa kwanza. Alinitazama nikipanda, akasema, "Mwalimu, siti yako iko chini, unakula magoti." Akaipandisha mpaka mguu ukifika chini kabisa goti likabaki limekunjwa kidogo tu. Halafu akanifundisha jambo ambalo laiti ningelijua mapema: gia nyepesi iwekwe kabla mlima haujaanza, wakati miguu bado haina mzigo. Ukisubiri mpaka unakwama, cheni imekazwa na haitaki kuhama. Pia macho yasitazame kileleni. Tazama lami iliyo mbele yako kidogo, kanyaga polepole kwa mwendo uleule, na pumzi itoke kwa hesabu.

Nilianza kuhesabu nguzo za umeme. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilipanda kutoka Igawilo, na sheria yangu ilikuwa nguzo tatu zaidi ya jana. Siku za mvua kubwa sikutoka. Wapo walionishangaa, mwanamke na kitenge chake juu ya suruali, anapanda mlima na kurudi bila mzigo wowote. Baada ya wiki mbili walishazoea, na mama mmoja wa genge la viazi akawa ananisalimia kila siku kwa Kinyakyusa, "Ugonile, mwalimu!" Nilimpenda sana mama yule. Sauti yake ilinivusha sehemu ngumu kuliko zote, ile kona iliyo juu ya genge lake.

Mwanzoni mwa Mei nikafika. Sehemu mbili nilishuka na kusukuma, sioni aibu kusema. Isongole ni juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umekaa barabarani. Mama alikuwa mlangoni. Nilisimama mbali, nikapiga goti hapohapo kwenye majani, "Shikamoo mama." Akaitikia, akataka kunijia, nikamzuia kwa mkono. Hilo lilikuwa gumu kuliko mlima.

Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha togwa, akakiweka juu ya kisiki kilichopo katikati ya uwanja, akarudi kwenye kigoda chake. Ndipo nikasogea nikakichukua. Tangu siku hiyo utaratibu wetu ukawa huo: yeye mlangoni, mimi kwenye majani, kisiki katikati. Tuliongea saa nzima. Nilipoaga akanifungia kwenye keria ulezi kilo tatu na viazi vya mbegu vilivyokwisha kuchipua, kiasi cha debe nusu, akasema, "Kama hawakulipi, lima."

Kushuka na mzigo kunahitaji akili kuliko kupanda. Ukiminya breki mfululizo, rimu inapata moto na raba zinakwisha, na rimu ikiwa imelowa breki inachelewa kushika. Niliminya na kuachia, niliminya na kuachia, uzito wangu nimeupeleka nyuma. Nikisikia lori nyuma yangu, nilitoka kabisa barabarani nikasimama. Katika ukungu usitegemee dereva akuone, hata ukivaa kizibao chenye riflekta kama nilichovaa mimi.

Viazi nilivipanda kwenye salfeti sita, yaani mifuko ya sandarusi, nyuma ya nyumba, maana uwanja wangu ni mdogo na umejaa kokoto. Unakunja salfeti mpaka nusu, unaweka udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, unapanda viazi vitatu macho yakitazama juu. Shina likirefuka unakunjua salfeti na kuongeza udongo, majani ya juu tu yabaki nje. Viazi vinazaa kwenye sehemu ya shina iliyofunikwa, kati ya mbegu na uso wa udongo, kwa hiyo kuinulia udongo ndiyo kazi yenyewe. Tena kiazi kinachopigwa na jua kinageuka kijani, kinakuwa kichungu na kina sumu, hakifai kupewa mtoto. Salfeti mbili ziliniozea zote. Nilisahau kuzitoboa chini, na mimi kwa hofu ya kiangazi nilikuwa namwagilia kila jioni. Nilipochimbua nikakuta uji unaonuka. Nne zilizobaki nilizitoboa na kumwagilia pale tu kidole kikiingia kwenye udongo na kutoka kikavu.

Sasa togwa, ambayo ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Nimeinywa tangu utotoni lakini sikuwahi kuipika, nilijua tu kwamba mama anayo. Uloweke ulezi usiku kucha, umwage maji, uutandaze kwenye gunia bichi na kuufunika, uunyunyizie maji asubuhi na jioni mpaka uote vimizizi. Halafu uanike ukauke kabisa, usage. Hicho ndicho kimea. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe uwe vuguvugu, unakoroga kimea ndani. Baada ya muda uji mzito unalainika mbele ya macho yako na kuwa mtamu bila sukari, kwa sababu kimea kinavunja wanga na kuugeuza sukari. Uchachu unakuja baadaye, polepole, kazi ya bakteria walewale wa jamii ya wanaogandisha mtindi.

Togwa yangu ya kwanza ilibaki uji. Niliweka kimea wakati sufuria bado inafuka moshi, na joto kali linaua nguvu ya kimea. Ya pili ililainika vizuri, ila ilikaa siku mbili bila kuchachuka, ikaanza kunuka vibaya, nikaimwaga. Mama alisema kwa simu, "Uyole ni baridi mwanangu, togwa haijui kuvaa sweta, ivalishe wewe." Basi nikawa nafunga ndoo kwa blanketi la mtoto na kuiweka karibu na jiko la mkaa likishazima, ambako majivu yanabaki na joto mpaka usiku wa manane. Nikawa pia nabakiza kikombe kimoja cha togwa ya zamani na kukichanganya kwenye mpya. Hapo ikawa inaiva kwa siku moja na usiku wake. Majirani wakaanza kuleta vikombe, shilingi 200 kikombe, hela ya sabuni na vocha ikapatikana. Waliotaka niiache ikae zaidi ili iwe kali niliwakatalia, kwa sababu watoto wangu na wao walikuwa wanakunywa kwenye ndoo ileile.

Nilijaribu pia kuchachusha kabichi, gramu 20 za chumvi kwa kilo moja, ukiikandamiza hadi maji yake yenyewe yaifunike. Ilifanikiwa. Nyumbani hakuna aliyeipenda ila mimi.

Ikatangazwa kwamba shule zitafunguliwa Juni 29. Jumamosi ya tarehe 27 nikapanda Isongole kwa mara ya mwisho kabla ya kurudi darasani, na siku hiyo sikushusha mguu hata sehemu moja. Mama wa genge alipiga kigelegele nilipoipita ile kona. Kwenye keria nilikuwa na viazi vya salfeti ya kwanza kuchimbwa, vidogovidogo bado, na dumu la lita tatu la togwa yangu, kifuniko nimekilegeza, kwa sababu gesi ikijaa na barabara ikitikisa dumu linaweza kupasuka.

Nikamimina kikombe, nikakiweka kwenye kisiki, nikarudi kwenye majani. Mama akakichukua, akanusa, akanywa polepole, akatazama ndani ya kikombe.

"Ulezi uliuotesha siku ngapi?"

"Tatu, mama."

"Kwa baridi hii ya Juni, uache mpaka siku ya nne." Akanywa mpaka mwisho, akakirudisha kikombe kwenye kisiki. "Ndaga, asante. Niongeze."